Nyumba Haijaisha, Mume Wangu Anataka Tuhamie

SWALI

Mshauri, salaam.

Nimeolewa na nina watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 11, wa pili ana miaka 7 na ana pumu, kitindamimba ndiyo kwanza katimiza miaka 2. Mama mkwe naye anakuja kuishi nasi. Magoti yanamsumbua, kupanda ngazi kwake ni shughuli.

Tumejenga nyumba ya ghorofa moja kwa akiba zetu, kidogo kidogo. Chini kuna sebule, jiko, chumba kimoja cha kulala na bafu lenye choo. Juu kuna vyumba vitatu na mabafu mawili. Ukiitazama kwa nje utasema imekwisha: imepauliwa, madirisha ya aluminiamu yamefungwa pamoja na grili zake, milango miwili ya nje ipo na inafungwa kwa funguo. Plasta ya ndani na ya nje ilikamilika wiki tatu zilizopita.

Ndani ndiko kwenye kazi. Sakafu ni zege tupu, chini na juu. Vyumba vya juu havina dari, ukiinua macho unaona kenchi na bati. Mabomba ya maji safi na maji taka yamefukiwa ukutani na sakafuni, lakini hakuna koki hata moja iliyofungwa. Nyaya za umeme zimevutwa, zinaning'inia kwenye maboksi ya swichi, na sanduku la saketi breka halijafungwa. Milango ya ndani ni fremu tu. Ngazi haina reli. Tangi la maji taka limejengwa nyuma ya nyumba na halijafunikwa, juu yake kumelazwa mabati mawili.

Mkataba wetu wa kupanga unaisha mwishoni mwa mwezi ujao. Mwenye nyumba huchukua kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na mume wangu amekataa katakata kuilipa. Anasema fedha hiyo inatosha kununua vigae vyote vya sakafu ya chini, na kwamba kumpa mtu mwingine wakati tuna kwetu ni kuitupa. Mpango wake ni huu: tumalize chumba cha chini, bafu la chini na jiko, tuhamie, halafu mengine tuyafanye polepole huku tunaishi humo. Fundi mkuu amemwambia kazi hiyo ni ya wiki tatu, mradi alipwe fedha yake yote iliyobaki sasa ili asikatishwe. Mume wangu anaongeza kwamba nyumba isiyo na mtu itaibiwa, kwa hiyo kadiri tunavyochelewa ndivyo tunavyojitafutia hasara.

Mimi nataka tulipe miezi 6, tumalize kila kitu, tuhamie mara moja kwenye nyumba iliyokamilika. Ninawajua watu waliohamia kwa mtindo wa "tutamalizia tukiwa ndani". Miaka imepita, bado wanakanyaga zege. Nafikiria vumbi na kifua cha mwanangu. Namfikiria huyu mdogo kwenye ngazi ile. Nikisema hayo, mume wangu anajibu kwamba nimeizoea nyumba ya kupanga na sitaki kuona juhudi zake. Naona hajali afya ya mtoto, anachotaka ni kuonekana amehamia kwake. Siku hizi tunaongea mambo ya shule na chakula tu.

Fedha tuliyonayo, bila kuhesabu kodi, inatosha kama theluthi mbili ya kazi iliyobaki. Kukopa tunaweza, ila sote wawili tunaogopa. Na juzi nimesikia fundi anaanza kubandika vigae vya bafu la chini wiki hii, bila mimi kuulizwa. Je, ning'ang'anie msimamo wangu, au nimfuate mume wangu nikafunge macho?

Mama Watatu

JIBU

Dada yangu Mama Watatu,

Nianze na jambo moja lisiloweza kusubiri mwisho wa jibu hili. Mwombe mumeo amsimamishe fundi kwanza, asibandike kigae hata kimoja bafuni mpaka mabomba yamepimwa. Umeandika kwamba yamefukiwa na hakuna koki iliyofungwa. Hukusema kama yalijaribiwa kwa shinikizo, na mara nyingi hayajaribiwi. Fundi bomba anaziba ncha zote kwa vizibo, anajaza maji huku akitoa hewa, anafunga pampu ya mkono yenye geji, yaani kipimo cha shinikizo chenye sindano, na kupandisha shinikizo mpaka mara moja na nusu ya lile la matumizi ya kawaida. Mabomba ya plastiki hutanuka kidogo, kwa hiyo sindano ikishuka katika nusu saa ya kwanza msishtuke. Apandishe tena, kisha iachwe saa moja au mbili. Ikikaa pale pale, endeleeni. Ikiendelea kushuka, kuna kiungio kinachovuja, na leo kukitafuta ni kazi ya kubomoa plasta kidogo. Baada ya vigae ni kazi ya kubomoa bafu. Kipimo hiki kinakufaa mkihama kesho au mwakani, kwa hiyo kiombe bila kukiingiza kwenye mabishano yenu.

Sasa nirudi kwenye barua yako, unisahihishe kama nimeielewa vibaya. Mko wawili mnaoitaka nyumba ile ile. Yeye anaihesabu kodi na kuona fedha inatoka mlangoni. Wewe unahesabu hatari na kuona watoto wanaingia kwenye eneo la ujenzi. Kila mmoja ana hesabu ya kweli mkononi, ila kila mmoja ameanza kusoma moyo wa mwenzake badala ya kusoma hesabu yake. Yeye kasema hutaki kuona juhudi zake, wewe umesema hajali afya ya mtoto. Katika yote uliyoniandikia sijaona mahali anapopuuza pumu. Ninachokiona ni mtu ambaye huenda hajui vumbi litatoka kazi ipi, kwa muda gani, na litapitia wapi. Hilo linaelezeka mkiwa mmesimama ndani ya nyumba yenyewe.

Kuna mambo matatu katika barua yako ningependa uyatazame upya.

La kwanza ni kwamba mna njia mbili tu, wiki tatu au miezi sita. Mwenye nyumba "huchukua" miezi 6. Je, mmemwomba miezi 2 au 3 akakataa, au mmezoea tu kulipa hivyo? Mpangaji anayeondoka akiwa ametoa taarifa ya maandishi na tarehe ya kutoka ni tofauti na mpangaji anayeanza. Wengine hukubali kodi ya mwezi mmoja mmoja, hata ikiwa juu kidogo. Anaweza kukataa, ndiyo, lakini mpaka aulizwe mnabishana juu ya jibu ambalo hamjalipata.

La pili ni neno "imekwisha". Nyumba mpya huendelea kujitengeneza mwaka mzima wa kwanza. Plasta itaonyesha nyufa nyembamba kama unywele, mlango utavimba majira ya unyevu, kigae kimoja kitalia kitupu ukikigonga. Ukisubiri nyumba isiyo na kazi hata moja utasubiri sana, na mumeo analijua hilo, ndiyo maana maneno yako yanamchosha. Swali lenye faida zaidi ni kazi zipi haziwezekani kufanywa salama watu wakiwa ndani, na zipi zinawezekana.

La tatu ni la mumeo, ila nakuachia wewe ulifikishe kwa upole: kwamba kodi isiyolipwa itageuka vigae. Kuhamia mapema kuna gharama zake, kama kubeba vyombo, kufunga milango ya muda, kupaka upya kuta zilizochafuliwa na mafundi, na kumlipa fundi siku nyingi zaidi kwa kuwa anaanza saa tatu watoto wakishatoka na anamaliza mapema mama apate kupika. Fundi anayefanya kazi kwenye nyumba yenye watu husogeza kitanda kwanza ndipo apige puti, ile lipu laini ya kulainisha ukuta kabla ya rangi. Na kinachobaki cha kodi, kisipotengwa tarehe ile ile mliyokuwa mkilipia, huliwa na mwezi. Hao unaowajua wanaokanyaga zege hawakuwa wavivu. Shinikizo la kumaliza liliwatoka siku walipopata mahali pa kulala.

Tuje kwenye kazi zenyewe. Katika umaliziaji, kazi hushuka kutoka juu kwenda chini na kutoka kwenye maji kwenda kwenye makavu. Bati hujaribiwa kabla ya dari: mtu mmoja anapanda na mpira wa maji, anaanza kumwagia chini karibu na ncha ya bati na kupanda pole pole kuelekea kofia ya paa, mwingine yuko ndani na tochi. Akianzia juu, maji yatateremka kote na hamtajua yameingilia wapi. Mabomba na nyaya hupimwa. Kisha dari, kisha puti na mkono wa kwanza wa rangi, kisha sakafu na vigae, kisha milango, kisha mkono wa mwisho wa rangi, na mwisho kabisa koki, masinki, swichi na taa. Milango ikitangulia sakafu, mtaikata chini kwa grinda ili ifunguke. Rangi ya mwisho ikitangulia vigae, mtaipaka mara mbili.

Na hapa ghorofa yenu inampa mumeo hoja ambayo sijui kama ameiona. Katika nyumba isiyo ya ghorofa na isiyo na dari, kuta huishia kwenye kenchi na vumbi la chumba kimoja hupita juu ya ukuta na kushukia chumba cha pili, hata ukifunga mlango. Kwenu, sakafu ya chini ina slabu ya zege juu yake. Mkiziba uwazi wa ngazi na matundu ya mabomba, sehemu ya chini inaweza kutenganishwa na juu kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo wazo lake si la ovyo, ingawa mipaka aliyoiweka inanitia wasiwasi. Chumba kimoja, bafu na jiko vikiwa tayari huku sebule bado inakatiwa vigae si kutenganisha chochote. Mpaka wenye maana ni slabu: chini kote kumalizwe, au kusihamiwe.

Hata hivyo kuna mtego. Mabafu mawili ya juu yanateremsha mabomba kupitia ndani ya sakafu ya chini. Mkimaliza chini kwa rangi nzuri, halafu mwaka ujao fundi akaja kushughulikia mabafu ya juu na maji yakapenya, doa la manjano litatokea sebuleni. Kwa hiyo hata kama vigae vya juu vitasubiri fedha, kazi za maji za juu zisisubiri: mabomba yapimwe, sakafu za bafu zipewe mteremko, na zipakwe dawa ya kuzuia maji mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, ikipanda ukutani sentimita 15 au zaidi na mahali pa kuogea ifike juu ya kichwa. Kwenye pembe za sakafu na ukuta wabandike kitambaa cha nyavu ndani ya dawa, kwani pembeni ndiko inakopasuka. Ikikauka, zibeni tundu la maji, mwageni maji kina cha sentimita 2 au 3, wekeni alama ya penseli ukutani na kuyaacha saa 24. Siku inayofuata tazameni alama, kisha mshuke kutazama chini ya slabu. Bafu la chini nalo lifanyiwe hivyo, huku mkiangalia ukuta wa chumba cha jirani. Mteremko wa sakafu ya bafu uwe sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tunduni. Gololi ya mtoto itakuambia kama fundi ameupata.

Kuhusu pumu, wasiwasi wako una msingi, ila si kila kazi ina uzito sawa. Kazi mbili ndizo mbaya zaidi: kusugua puti kwa msasa, na kukata vigae au kuchana ukuta kwa grinda kavu. Vumbi la vigae na zege lina silika, chembe zake ni ndogo mno, hukaa hewani kwa saa nyingi baada ya fundi kuondoka na huingia ndani kabisa ya mapafu. Nailoni iliyobandikwa mlangoni hupunguza, haizuii. Kukata kwa mashine inayotiririsha maji, nje ya nyumba, husaidia sana. Kusugua puti hakuna namna ya kuifanya iwe kazi safi, kwa hiyo kazi hiyo mtoto asiwemo, na nyumba isafishwe kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio kabla hajarudi. Kufunga dari ya mbao au jipsamu juu, kuning'iniza milango na kufunga makabati kuna makelele na vumbi la wastani, na vinavumilika kwa mpangilio. Muulize daktari wake pia, mkimweleza kazi hizo kwa majina.

Adui wa pili wa kifua hatajwi sana, nao ni unyevu. Plasta yenu ina wiki tatu. Plasta ya saruji huachwa wiki nne au zaidi kabla ya rangi, na wakati wa mvua hata zaidi. Ikipakwa mapema, maji yaliyomo husukuma rangi itoke kwa mapovu, na chumvi nyeupe hujitokeza. Mkiingia watu sita kulala, kuoga na kupika katika nyumba ambayo kuta bado zinatoa maji, madirisha yakiwa yamefungwa usiku, ukungu mweusi hutokea nyuma ya kabati na kwenye pembe, na ukungu nao humchokoza mwenye pumu. Bandikeni kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani, mkaze pande zote kwa utepe wa gundi, mkitazame baada ya saa 24. Kikiwa na matone kwa ndani, ukuta haujakauka. Fanyeni hivyo kwenye kuta kadhaa, hasa ule usiopigwa na jua, na sakafuni pia. Tabaka la kusawazisha sakafu hukauka kama milimita 1 kwa siku hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa hiyo la milimita 40 lihesabieni mwezi na zaidi ikiwa mna nia ya kuweka sakafu ya mbao au ya plastiki. Vigae huvumilia unyevu kidogo zaidi.

Ndiyo maana "wiki tatu" za fundi zinahitaji kuulizwa maswali. Kubandika vigae vya bafu, jiko na chumba ndani ya muda huo kunawezekana: gundi ya vigae huhitaji kama saa 24 kabla ya kukanyagwa, mistari kati ya vigae hujazwa siku inayofuata. Lakini dawa ya kuzuia maji, kipimo cha saa 24, kukauka kwa kuta na mikono ya rangi havipungui kwa sababu fundi amelipwa. Na kumlipa yote sasa kunawaondolea silaha pekee mliyo nayo. Mlipeni kwa hatua inayoonekana: bomba limepimwa, kiasi hiki, vigae vimegongwa vyote na hakuna kinacholia kitupu, kiasi kile. Bakizeni asilimia 5 hadi 10 mpaka kasoro zilizoandikwa zirekebishwe, na mliandike hilo kabla ya kazi kuanza. Fundi mwaminifu haogopi utaratibu huu, akiona ngazi zake za malipo ziko wazi.

Kuna vitu vitatu ambavyo kwangu haviingii kwenye hesabu ya fedha wala ya muda. Mtaamua wenyewe tarehe, ila mtoto wa miaka 2 asilale kwenye nyumba hiyo kabla havijafanyika.

Tangi la maji taka lifunikwe kwa slabu ya zege yenye mfuniko mzito. Mabati mawili ni hatari kuliko shimo la wazi, kwa sababu mtoto huona mahali pa kusimama. Kabla ya kulifunika lijazeni maji na kuangalia kama kina kinashuka kwa siku nzima. Likishaanza kutumika, mtu yeyote asiingie ndani kwa ajili ya kurekebisha, gesi yake huua kimya kimya.

Ngazi iwe na reli. Urefu wa sentimita 90 kwenye ngazi, mita 1 au zaidi kwenye ukingo wa juu, nguzo zisimame wima na nafasi kati yake isizidi sentimita 10. Nondo za kulala humpa mtoto ngazi ya pili. Ikiwa fedha ya reli haipo na mnakaa chini tu, fungeni mlango wa mbao ngumu chini ya ngazi, wenye komeo upande ambao mtoto hafiki. Mlango huo huo, ukizibwa pembeni, ndio utakaozuia vumbi, kwa hiyo hautakuwa fedha iliyopotea. Mjue tu kwamba mafundi wa juu watapita sebuleni kwenu kila siku, labda kama wanaweza kupandia nje kwa jukwaa na kuingilia mlango wa roshani.

Umeme ufungwe kamili, hata kama ni wa chini peke yake: sanduku la saketi breka, waya wa ardhi uliounganishwa na fimbo yake, na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampia 30. Kina kitufe cha majaribio, kibonyezeni muone kinakata. Nyaya za vyumba vya juu zitenganishwe kwenye sanduku na ncha zake zifunikwe. Kuvuta waya wa muda kutoka nje na kuupitisha dirishani ndiko kunakounguza nyumba mpya. Na katika miji mingi mamlaka za ujenzi hutaka kukagua kabla watu hawajahamia, kwa hiyo ulizeni mapema, maana wakati mwingine maji na umeme wa kudumu hufungwa baada ya ukaguzi.

Kuhusu wizi, hofu ya mumeo ni ya kweli, ila tazameni kinachoibiwa: nyaya, koki, masinki, hita ya maji, yaani vitu vinavyong'oleka. Vikinunuliwa na kufungwa wiki ya mwisho, nyumba haina cha kuvutia. Mlinzi wa miezi michache, au yeye mwenyewe kulala pale mara kwa mara kwenye chumba kimoja kilichofungwa, ni gharama inayoweza kuwekwa kando ya kodi na kulinganishwa. Inawezekana pia kwamba ukimuuliza kwa utaratibu atakuambia hofu yake si wizi, bali ni kwamba fedha itaisha na nyumba itabaki boma. Hofu hiyo unayo na wewe, ila umeiita kwa jina jingine.

Nikitazama mbele naona njia kama nne, kila moja na bei yake. Kulipa miezi 6 kunawapa watoto usalama na kuta muda wa kukauka, lakini mna theluthi mbili tu ya fedha, na kodi italimega fungu hilo hilo. Baada ya miezi 6 mnaweza kujikuta na nyumba ile ile isiyo na dari. Kuhamia kwa mpango wa mumeo kama ulivyo kunaokoa kodi na kuwaweka mtoto mwenye pumu na kazi chafu zaidi chini ya paa moja. Kupata miezi 2 au 3 na kuelekeza fedha yote kwenye kazi za maji za nyumba nzima, sakafu ya chini yote, tangi, umeme na mlango wa ngazi, kunamaanisha mnakubali kwa makusudi kwamba juu kutabaki zege kwa muda. Hilo litakuuma wewe, na ninyi sita mtabanana chini. Linahitaji tarehe iliyoandikwa na fedha inayotengwa kila mwezi, la sivyo ndiyo hadithi ya hao unaowajua. Faida yake ni kwamba mama mkwe anapata chumba na bafu bila ngazi. Ya nne ni kukopa theluthi inayokosekana. Mkilifikiria hilo, linganisheni marejesho ya mwezi na kodi mnayolipa leo. Yakikaribiana mnajua mnachokibeba, yakizidi sana basi nyumba imegeuka mwenye nyumba mkali zaidi. Mnaweza pia kuchanganya, kwa mfano mama mkwe achelewe kuja mpaka kazi chafu ziishe, au wewe na huyo wa miaka 7 mlale kwingine siku za puti tu.

Mkizungumza, msizungumzie mezani. Nendeni nyumbani kwenu mchana, wawili tu, na karatasi na penseli. Piteni chumba kwa chumba mkiandika kazi iliyobaki, na mbele ya kila moja herufi moja: M ikiwa ni kazi ya maji, V ikiwa ya vumbi, K ikiwa kavu. Usianze na pumu, na yeye asianze na kodi. Mkifika ngazini, mwulize angeweka nini pale kama kitindamimba angekuja kesho, kisha umwachie nafasi ajibu. Huenda karatasi hiyo ikakuonyesha kwamba mnatofautiana kwa wiki nane tu. Huenda pia ikakuonyesha kwamba fedha haitoshi hata kwa mpango wake, na hapo mtakuwa upande mmoja bila mtu kushinda. Na lile la fundi kuanza bila wewe kuulizwa, liseme peke yake, siku nyingine. Ni jambo la ndoa, na likichanganywa na vigae halitasikika.

Siku yoyote mtakayohamia, tangi la maji na mabomba yaoshwe kwanza. Kwa tangi la lita 1,000, lita 1 ya dawa ya klorini ya asilimia 5 isiyo na manukato inatosha. Fungueni kila koki mpaka isikike harufu, fungeni, acheni usiku kucha, kisha mmwage na kusuuza mpaka harufu iishe. Maji hayo yamwagwe nje, mbali na mimea, yasiende kwenye tangi la maji taka, yataua bakteria wanaosaga uchafu. Mpaka hapo msiyanywe.

Niandikie ukishajua mambo mawili: sindano ya geji ilikaa wapi, na mwenye nyumba amesema nini kuhusu miezi 2.

Mshauri wako